Nyumba Zimepangwa, Mtaa Haujapangwa

Nianze na sentensi ambayo mkazi yeyote wa Manzese au Tandika anaweza kuitamka bila kufikiri mara mbili: nyumba zote za huku zimepangwa, ila mtaa wenyewe haujapangwa. Hakuna Mswahili atakayeona fumbo hapo. Nyumba zimepangwa kwa maana kwamba kila chumba kina mtu anayekilipia kodi. Mtaa haujapangwa kwa maana kwamba hakuna ramani ya serikali inayosema barabara ipite wapi, zahanati ikae wapi na maji ya mvua yaelekee wapi. Mpe sentensi hiyo mfasiri hodari wa Kiingereza, naye atalazimika kuivunja vipande. Atatumia kitenzi "rent" mahali pa kwanza na "plan" mahali pa pili, na uhusiano uliokuwa wazi kati ya mambo hayo mawili utakuwa umetoweka.

Leo, ndugu msomaji, nataka tukichunguze kitenzi hicho cha pili. Kwa Mwingereza "plan" ni kitenzi cha kila siku, kama kula na kulala. Mtu hupanga likizo, hupanga chakula cha jioni. Kwetu kiliingia kikiwa na mhuri wa serikali. Tulipokitafsiri kwa kupanga tulikipatia neno ambalo tayari lilikuwa na kazi nyingine mjini, kazi ya kukodi chumba. Naamini historia ya Dar es Salaam tangu mwaka 1949 ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya mgongano wa kazi hizo mbili.

Kwa Kiingereza neno lenyewe lilianza kama nomino. Lilitoka Kifaransa katika karne ya 17, na maana yake ya awali ilikuwa mchoro: umbo la jengo au la kipande cha ardhi likioneshwa juu ya karatasi, kana kwamba mtazamaji yuko angani. Nyuma ya neno hilo la Kifaransa wanaisimu huona mizizi miwili ya Kilatini iliyoingiliana. Mmoja ni "planus", yaani tambarare. Wa pili ni "planta", wayo wa mguu, ambao kwa Kiitaliano ulizaa "pianta", neno linalotumika hadi leo kwa mchoro wa sakafu ya jengo. Picha hiyo ya wayo inanipendeza: jengo linakanyaga ardhi, na alama inayobaki ndiyo mchoro wake. Kitenzi kilifuata katika karne ya 18, kwanza kwa maana ya kuchora, kisha kwa maana ya kubuni jambo lolote kabla ya kulitenda. Katika karne ya 20 kikapanda cheo. Mwaka 1909 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake ya kwanza iliyotaja mipango miji kwa jina. Mwaka 1928 Umoja wa Kisovieti ulianza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano. Kazi ya mchoraji ikawa kazi ya dola.

Kwa maana ile ya awali, ya mchoro, Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote. Kilikuwa na ramani, neno la mabaharia lenye asili ya Kiajemi, "rahnama", yaani kiongozi cha njia, lililofika pwani yetu kupitia kwa manahodha Waarabu. Hadi leo fundi wa Mbagala anayeitwa kujenga nyumba ya vyumba vitatu atakwambia ulete ramani. Hatakwambia ulete mpango. Nomino ya Waingereza, basi, ilikuta mwenzake yupo. Kitenzi chao ndicho kilichoangukia kwenye kupanga.

Kupanga ni kitenzi cha Kibantu. Waganda wanacho kwa maana ya kuweka vitu kwa utaratibu; kwa Wachewa wa Malawi kimetanuka hadi kumaanisha kutengeneza au kutenda. Kwetu maana ya msingi ni kuweka vitu katika safu: kupanga vyombo kabatini, kupanga matofali, kupanga foleni. Lakini kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, tayari inaonesha maana ya kukodi nyumba au shamba. Ninavyoona mimi, daraja kati ya maana hizo mbili ni makubaliano. Watu wawili wanakaa barazani na kuweka masharti sawasawa, moja baada ya jingine: kiasi gani, kwa muda gani, nani afagie uwanja, nani alale na mgeni na nani asilale naye. Kutokana na hapo tukapata mpangaji, kupangisha na pango. (Pango hili la kodi halina undugu na lile la popo, ingawa kwa baadhi ya vyumba nilivyolala enzi za ujana wangu, mtu angesamehewa kwa kuyachanganya.)

Maana hii ya kukodi ndiyo iliyoujenga mji wa Waswahili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliupima upya uwanda tunaouita Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo. Mwafrika alipewa kiwanja kwa malipo ya kila mwaka, akajenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja au viwili na vingine akavipangisha. Nyumba hiyo haikuwa makazi ya familia moja kama Mzungu alivyoielewa nyumba. Ilikuwa makazi na biashara kwa pamoja, na mgeni aliyeshuka kutoka Rufiji au Morogoro akiwa na fedha ya mwezi mmoja alipata pa kulala bila kumwandikia ofisa yeyote. Umbo hilo la nyumba lilisafiri likaenda Ilala, likavuka hadi Magomeni na Temeke, na baadaye Manzese, Buguruni na Mbagala, likiongozwa na watu ambao hawakupata kushika kalamu ya mchoraji.

Mwaka 1949 kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb kutoka London iliwasilisha mpango mkuu wa mji. Uliugawa mji kwa vipimo vya msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Lugha ilikuwa ya kitaalamu, lakini kila mtu alijua nani amekusudiwa wapi. Msongamano mdogo ulikuwa Uzunguni, wa kati Uhindini, mkubwa Uswahilini. Katika miaka iliyofuata Magomeni na Temeke zikapanuliwa kuwa makazi ya Waafrika, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1947. Kwa fikra za wakoloni, Mwafrika mjini alikuwa mtu wa kupita. Kwao palikuwa kijijini; mjini alikuja kufanya kazi na siku moja angerudi. Alikuwa mpangaji hata pale alipokuwa na nyumba yake, na mpango ulichorwa kwa kumhesabu hivyo.

Uhuru ulirithi kitenzi hiki pamoja na samani za ofisi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na likaanza kubomoa nyumba za udongo na makuti ili kujenga za matofali na bati mahali pale pale. Nia ilikuwa njema na nyumba zilikuwa bora. Ila hesabu yake haikukaa sawa: fedha iliyotumika kuondoa nyumba mbovu na kuweka nzuri iliacha idadi ya nyumba karibu palepale, wakati watu wakiongezeka kila treni lilipoingia stesheni.

Mei 1969 Mwalimu Nyerere aliuhutubia mkutano wa TANU akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, katika hotuba inayojulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Wasomi wa siasa watakumbuka kwamba Pierre Mendès France alikwishaliambia Bunge la Ufaransa mwaka 1953 kwamba kutawala ni kuchagua. Mwalimu alilihamishia wazo kama hilo kwenye kitenzi chetu. Kutokana na hotuba hiyo, Watanzania wa rika la wazazi wangu walijifunza kupanga kwa maana ya Kizungu: fedha haitoshi, mahitaji ni mengi, lazima kimoja kitangulie. Jambo linalosahaulika ni nini hasa kilichochaguliwa. Kilichaguliwa kijiji, na kwa upande wa miji ikachaguliwa miji tisa ya kukuzwa, kuanzia Tanga na Arusha hadi Mtwara, ili kuipunguzia Dar es Salaam uzito. Mwaka 1973 chama kikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Dar es Salaam, kwa maana halisi ya kauli ile, haikuchaguliwa.

Nao watu waliichagua. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi 272,821. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Nani aliwapokea hao? Sikatai kwamba serikali ilifanya mengi. Mwaka 1972 Baraza la Mawaziri liliachana na fikra ya bomoabomoa na kukubali kuboresha makazi yaliyokwishajengwa, na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese, Mtoni na Tandika zikipelekewa barabara, maji na taa. Naihesabu hiyo kuwa kazi bora kuliko zote zilizofanywa na wenye kupanga katika jiji hili, kwa sababu ilianza kwa kukiri kwamba kule kulikwishapangwa. Barabara zilipitishwa kati ya nyumba zilizokuwepo, na zilizobomolewa zilikuwa chache. Mipango mikuu miwili ya kwanza iliyochorwa baada ya uhuru, wa mwaka 1968 na wa mwaka 1979, ilitoka mikononi mwa kampuni za Kanada. Sina ugomvi na Wakanada, ila sijui ni mji gani wa Kanada uliopata kuchorwa na kampuni ya Temeke.

Sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na mwenye nyumba wa kawaida. Alinunua kipande cha shamba kwa mashahidi na karatasi ya mjumbe, akajenga chumba kimoja, akakipangisha, kodi ya chumba hicho ikanunua matofali ya chumba cha pili. Hakuna benki iliyomkopesha. Kwa lugha ya kodi na pango, huyu alikuwa akipanga kwa miaka ishirini mfululizo, kwa hesabu ngumu kuliko za maofisa wengi. Kwa lugha ya ofisini alikuwa akijenga kiholela.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kutafsiri aya fupi kuhusu historia ya mipango miji. Mmoja wao, akifuata kanuni za unyambulishaji bila kosa, alimwita mtaalamu wa fani hiyo "mpangaji wa jiji". Darasa liliangua kicheko, na binti mmoja kutoka nyuma akauliza: huyo jiji amelipanga kwa nani, na kodi analipa tarehe ngapi? Nilicheka nao, kisha nikawauliza kwa nini ni kichekesho. Kisarufi hakuna kosa. Anayepanga ni mpangaji. Lakini ukipita katika ofisi za manispaa zetu, Kinondoni hata Temeke, mlangoni utasoma Afisa Mipango Miji. Kitenzi kimegeuzwa nomino, mtendaji amefichwa nyuma ya cheo, na neno mpangaji limeachiwa yule mwenye ndoo na godoro. Sidhani kuna aliyeketi akaamua hivyo. Lugha ilipanga yenyewe madaraja: aliye juu ana mipango, aliye chini ni mpangaji.

Mitaani nako watu wamelipokea neno mpango kwa tahadhari yao. Wana methali ya kisasa kwamba mipango si matumizi. Wana mpango wa kando, ambao si wa ofisi yoyote. Uzazi wa mpango, tafsiri nyingine ya kitenzi hiki cha Kiingereza, ilichukua miaka mingi kuzoeleka katika familia nyingi, na sehemu ya sababu, kwa maoni yangu, ni hilo neno lenyewe: lilisikika kama agizo la kutoka juu.

Kuna jambo la kisheria ambalo kupanga kwa Kiswahili hulifichua na Kiingereza hulifunika. Umilikaji huru wa ardhi ulifutwa nchini mwaka 1963. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake; raia anapewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, naye hulipa kila mwaka pango la ardhi. Pango! Yule baba mwenye nyumba wa Sinza mwenye hati iliyotiwa fremu sebuleni ni mpangaji pia, na barua ya madai inayomfikia kila mwaka inamwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Jirani yake wa Tandale, asiye na hati, alianza kupewa leseni ya makazi kuanzia mwaka 2004, yenye muda mfupi zaidi, na siku hizi anahimizwa kuingia katika urasimishaji. Kwa hiyo jiji lina safu ya wapangaji kutoka juu hadi chini, na wa chini kabisa, yule wa chumba kimoja, ndiye pekee ambaye serikali haina mkataba naye.

Hili lina uzito wake siku ya kuhama. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu katika bonde la Msimbazi, serikali iliwatengea viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni. Uamuzi huo uliokoa maisha ya watu, wala siwezi kuwalaumu waliouchukua usiku na mchana maji yakiwa bado yamejaa. Lakini kiwanja ni fidia ya nyumba, na aliyepoteza nyumba, kwa macho ya mpango, ni mwenye nyumba. Mpangaji alipoteza kitanda, jiko, mtaji wa genge la nyanya uliokuwa chini ya mto, na mtandao wa majirani waliomkopesha unga. Vitu hivyo havimo katika jedwali la mthamini. Desemba 2015 tingatinga liliposhuka Mkwajuni, Kinondoni, kubomoa nyumba zilizopigwa alama ya X bondeni, kilio cha wenye nyumba kilisikika hadi mahakamani. Nilichokuwa nikikitafuta katika magazeti ya wiki zile ni sauti ya wapangaji, na nilikipata kwa shida. Wao walikwishapakia mikokoteni.

Ndiyo maana kisa cha Magomeni Kota kinanivutia kuliko mipango mikuu yote. Kota zile zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na wakazi wake walikuwa wapangaji kwa maana kamili ya neno: nyumba hazikuwa zao, walilipa kodi kwa mamlaka za mji. Wengine walizaliwa humo, wakaoa humo, wakazika wazazi kutoka humo. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili eneo liendelezwe upya, kisha uwanja ukakaa mtupu kwa miaka. Kwa mazoea yetu kisa kingeishia hapo. Hakikuishia hapo kwa sababu wapangaji wale walikataa kuacha kuwa wapangaji. Waliendelea kudai kurudi, wakaingia katika hotuba za wanasiasa, na mwaka 2016 Rais Magufuli alifika uwanjani na kuahidi kwamba wangejengewa. Machi 2022 Rais Samia alizindua majengo ya ghorofa yenye makazi ya kaya 644, idadi ileile ya kaya zilizoondolewa, na likatolewa agizo kwamba wanaotaka kununua wauziwe kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi.

Mpangaji mnunuzi: neno hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Linatambua kwamba mtu aliyelipa kodi kwa miaka mingi alikuwa akijenga kitu, ingawa hakushika tofali. Kwa mara moja, wenye mipango na wapangaji walikaa upande mmoja wa sentensi.

Lakini tuangalie kilichowawezesha. Walikuwa na orodha. Kaya 644, zinazojulikana, zenye mpangishaji mmoja ambaye ni mamlaka ya umma, na zenye mahali pamoja pa kwenda kudai. Mpangaji wa chumba kimoja Mtoni au Tandale hana orodha ya namna hiyo. Jina lake limo katika daftari la baba mwenye nyumba, kama daftari lipo. Umeme anaochangia unanunuliwa kwa mita ya LUKU yenye jina la mtu mwingine. Na mkataba wake wa miezi sita, uliolipwa mbele, uliandikwa na dalali nyuma ya risiti.